Saba Ndogo Shingoni mwa Kiko cha Babu

Kiko cha babu kilisafiri nami kutoka Tanga hadi London ndani ya soksi ya sufu, katikati ya nguo, Julai 2018, nilipokwenda Uingereza kuhudhuria mahafali ya mpwa wangu mjini Birmingham. Nyumbani kwetu kila mtoto amekua akizijua habari zake: kwamba babu, aliyekuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, alipewa kiko hicho na afisa wake mwishoni mwa 1944, ukingoni mwa mto Chindwin huko Burma, baada ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki kupita bonde la Kabaw katika mvua na tope lisilosemeka. Marehemu baba alituhadithia hivyo mara nyingi, naye alikuwa kitoto kichanga babu aliporudi kutoka vitani. Mimi nilitaka kujua kiko chenyewe kinasema nini, kwa kuwa shingoni mwake kulikuwa na maandishi yaliyofifia, na nilikwisha kujifunza kwamba mafundi wa Uingereza walikuwa na desturi ya kuandika mengi mahali padogo kama hapo.

London sikukaa sana. Nilishuka kituo cha Green Park nikatembea hadi Duke Street, mtaa wa St James's, ambako Alfred Dunhill alifungua duka lake la tumbaku mwaka 1907. Jina la Dunhill ndilo pekee lililosomeka vizuri kwenye kiko cha babu, na kwenye kipande cha mdomoni, ambacho ni cha mpira mgumu mweusi, kilikuwapo kile kidoti cheupe. Wengi hukidhania pambo, lakini kiliwekwa kwa kazi maalumu, nayo ni kumwonyesha mvutaji upande wa juu, ili akichomoa kipande hicho kukisafisha asikirudishe kikiwa kimepinduka. Duka la mtaa huo lilibomolewa na bomu la Wajerumani Aprili 1941, na biashara ikaendelea juu ya meza iliyowekwa barabarani. Nilisimama pale kwenye kona, kiko kikiwa mfukoni, nikajiona kama niliyemsindikiza mgeni mpaka kwao.

Kabla ya kufika Birmingham kwenyewe nilipitiliza kwa treni hadi Telford, kisha kwa basi hadi Broseley, mji mdogo wa Shropshire uliojulikana kwa viko vya udongo kwa karne nyingi. Kiwanda cha mwisho kilifungwa miaka ya 1950, na leo ni jumba la makumbusho ambamo kalibu na meza za wafanyakazi zingali mahali pake. Nilikwenda kwa sababu chapa za viko vya Uingereza hazikuanzia kwenye mbao. Tumbaku ilipoingia nchini humo katika karne ya 16 ilikuwa ghali mno, na ndiyo maana viko vya kwanza vya udongo mweupe vina vichwa vidogo ambavyo ncha ya kidole inatosha kuvijaza. Bei iliposhuka, vichwa vikakua. Umbo peke yake, basi, tayari ni tarehe. Tundu la shina nalo ni tarehe: mwaka 1954 Mmarekani J. C. Harrington alionyesha kwamba lilizidi kuwa jembamba kadiri miaka ilivyokwenda, kutoka inchi 9/64 kwenye viko vya miaka ya 1590 hadi 1620, mpaka inchi 4/64 kwenye vile vya 1750 hadi 1800, na tangu hapo wanaakiolojia wamekuwa wakipima vipande vya mashina kwa kutumbukiza vyuma vya keekee. Jambo hili lilinifurahisha kupita kiasi, kwamba kipande kisicho na jina wala nembo kinaweza kutoa ushahidi kwa tundu lake. Chapa zenyewe ziko kwenye kisigino, yaani kile kidutu kilicho chini ya kichwa. Fundi akigawa herufi zake pande mbili, unakishika kiko kama unayetaka kuvuta, na herufi ya kushoto huwa ya jina lake, ya kulia huwa ya ukoo. Broseley wengi walipiga jina zima.

Birmingham ndiko nilikokuwa nikikuelekea. Baada ya mahafali, mpwa wangu alinipeleka Jewellery Quarter, mtaa wa masonara, kwa mzee mmoja ambaye ametengeneza viko vilivyovunjika maisha yake yote na sasa anafanya kazi kidogo kidogo katika chumba cha nyuma ya nyumba. Nilipofungua mdomo kumweleza habari za Burma, alininyoshea kiganja. Alisema kwa upole kwamba angependa kukisikia kiko kwanza, na mimi baadaye.

Alitandika kitambaa cheusi mezani, akazima taa ya juu na kuwasha taa ndogo aliyoilaza pembeni, mwanga ukapita juu ya mbao kama jua la alasiri linavyopita juu ya matuta ya shamba. Kisha akachukua chaki, akaisugua taratibu juu ya maandishi na kuifuta kwa kidole gumba, unga ukabaki kwenye mifereji ya herufi tu. Akaniambia kwamba maadui wakubwa wa historia ya viko ni msasa na mashine ya kung'arisha. Watu huzipeleka mali za babu zao zikang'ae, na zinaporudi zimekuwa bubu. Kwa bahati nzuri, kwetu hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Tuliinama wote watatu juu ya kioo cha kukuzia, na upande wa kulia wa shingo maandishi yakajitokeza: MADE IN ENGLAND, na baada ya herufi ya mwisho tarakimu 7, ndogo, imeinuliwa juu kidogo na kupigiwa mstari chini yake. Mstari uliofuata ulitaja hataza, yaani haki ya uvumbuzi iliyosajiliwa, namba 417574/34.

Kwa nini tarakimu? Dunhill walikuwa wakitoa dhamana ya miezi 12 kwa kichwa cha kiko, na kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1920 wakawa wanapiga tarakimu ya mwaka ili, mteja akirudi na kichwa kilichopasuka, karani asibishane naye kuhusu siku ya kukinunua. Kumbukumbu hii yote tunayoitegemea leo ilizaliwa na hofu ya kudaiwa. Lakini 7 peke yake haitoshi, kwa maana inaweza kuwa 1927, 1947 au 1967. Mzee alianza na ya mwisho: tarakimu za miaka ya 1960 zilipigwa kubwa, zikalingana na herufi D iliyo kabla yake, na hii ilikuwa ndogo kuliko D. Ikabaki 1927 na 1947. Hapo aliweka ncha ya penseli chini ya 34, akasubiri nijibu mwenyewe. Nambari hiyo ni mwaka wa hataza, 1934. Kiko cha 1927 kisingeweza kubeba hataza ambayo haikuwapo bado. Akaongeza ushahidi wa kitu kisichokuwapo: kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950 Dunhill walipiga namba ya ukubwa wa kiko ndani ya duara, na shingoni pale hapakuwa na duara lolote.

Mwaka 1947. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka 1945.

Nilinyamaza, na nadhani aliona uso wangu, maana alinisogezea kiko kingine chenye pete ya fedha na kunifundisha kwa subira. Pete ilikuwa na nanga, alama ya ofisi ya Birmingham ya kupima usafi wa fedha tangu 1773, simba anayetembea, anayethibitisha kwamba fedha ni sehemu 925 katika 1000, na herufi ya mwaka. Alisema pete husema ukweli juu ya pete tu, kwa kuwa mara nyingi iliongezwa baadaye kufunika ufa. Yeye humulika ndani ya tundu la shingo kutafuta ufa huo kabla ya kuamini herufi. Chapa ya kiko cha babu, kinyume chake, iko kwenye mbao yenyewe, mzizi wa Erica arborea kutoka nchi za Mediterania, mti ambao jamaa zake wanamea hata kwenye milima mirefu ya kwetu, na mbao haibadilishwi kama kipande cha mdomoni.

Jioni ile nilimpigia simu shangazi, ambaye alizaliwa 1939 na ndiye mkubwa aliyebaki. Nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kwa kusitasita kwamba kiko hakikutoka Burma.

"Nani aliwaambia kilitoka Burma, baba?" akasema. "Aliyetoka Burma ni yule afisa. Kiko kililetwa na posta. Babu yako alikwenda kukichukua Muheza kwa baiskeli, kimefungwa kwenye boksi lenye takataka za randa, na barua ndani. Barua ilisomwa na mwalimu, na babu yako alilia, mimi sikujua kwa nini. Mimi nilipewa kamba ya kifurushi. Niliiruka kamba ile mpaka ikakatika."