Tulivyoanza Kupikiana Chakula cha Watoto

Mwanangu alipotimiza miezi 6, kila siku nilikuwa namenya, nachemsha, nasaga. Analamba vijiko vitatu, kilichobaki namwaga. Majirani zangu wawili wenye watoto wa umri uleule walikuwa wanahangaika vilevile. Tukakubaliana mmoja apike boga, mwingine nyama, mwingine dengu, kisha tugawane. Leo tumefika nyumba tano, na mimi nashika zamu mara moja tu kwa wiki.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu, na ikaharibika. Mama mmoja mtu mzima aliniambia, "Mwanangu, ya nini kujitesa? Funika sufuria, iache ipoe yenyewe, asubuhi utagawa." Nikamsikiliza. Asubuhi nikafunua: juu pamepoa vizuri, lakini nilipozamisha mwiko mpaka katikati nikakuta uvuguvugu, na vipovu vidogo vikapanda pamoja na harufu ya kuchacha. Boga lote nikalimwaga. Nililia, na si kwa sababu ya kazi iliyopotea. Niliwaza watoto watatu wangelishwa kile chakula kwa mkono wangu. Sufuria kubwa hushika joto katikati kwa saa nyingi, na kati ya nyuzi joto 5 na 60 ndipo bakteria wanapozaliana haraka. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, maana bado nausikia ukitolewa, tena kwa upendo.

Sasa nikishaepua tu, namwaga rojo kwenye sinia pana, kina chake kisizidi vidole viwili, sinia nalikalisha juu ya beseni la maji ya barafu, nakoroga taratibu. Linapoa upesi mno! Hata kama huna barafu, maji baridi ya kubadilisha-badilisha yanasaidia. Saa 2 zisipite kabla hakijaingia kwenye friji.

Kisha natumia trei ya kugandishia barafu, na hapo ndipo ninapojivunia. Kijishimo kimoja huchukua karibu mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula. Vikiganda nabandua, natia kwenye mfuko safi, narudisha kwenye friza. Mtoto anayeanza hupewa kipande kimoja, mlaji mzuri vitatu, na kugawana kumekuwa kuhesabu tu, hakuna wa kunung'unika. Kwenye friza tunaweka mwezi mmoja, au miwili kwa mboga. Kwenye friji, nyama na mayai siku moja, mboga siku mbili.

Shida iliyofuata ilikuwa vibandiko. Tuliandika kwa kalamu ya wino, unyevu wa friza ukaufuta wote, tukabaki na mifuko minne ya rojo la njano. Hili ni boga, karoti au lina kiini cha yai? Kati yetu kuna mtoto mwenye mzio wa mayai. Tukaitupa yote minne. Tangu hapo tunatumia utepe wa karatasi na penseli, kwa sababu penseli haichujuki. Tunaandika tarehe, mpishi, na kila kilichoingia, hata kama ni kijiko kimoja cha siagi ya karanga. Tena chakula kipya hakiingii kwenye mgao mpaka kila mtoto awe ameonjeshwa kwao, chakula hicho peke yake, kwa siku kadhaa.

Mwenzetu mmoja alitaka kutia asali ili watoto wapende. Nilikataa katakata: chini ya miezi 12 asali hapana, hata ikipikwa, kwani mbegu za bakteria wa botulizimu, ugonjwa wa sumu unaoweza kumpooza mtoto, hazifi kwa kuchemshwa kwa kawaida. Chumvi na sukari pia hatutii. Na tafadhali, pakua kwenye kibakuli kwanza. Kilichoguswa na kijiko cha mtoto kimeshaingia mate, hakirudi kwenye friji.

Jana jioni nikasikia hodi. Jirani kaniletea vipande 12 vya dengu, penseli inasomeka vizuri: dengu, karoti, maji, basi. Nimevipanga kando ya boga langu. Kesho ni zamu yangu, nimeshaloweka maharage.