Nilirudia SAT, na sikujichafua

Mwalimu wangu wa tuisheni pale Kirumba, Mwanza, alinisisitizia kuhusu SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani: "Mdogo wangu, usirudie. Vyuo vya Marekani vinajumlisha matokeo yote na kugawanya. Utajichafua." Nikamwamini, maana kwetu aliyerisiti namba yake ya mtihani huanza na P na kila mtu anaiona. Nikakaa miezi mitano na 1230 yangu, Hesabu 690 na Kiingereza 540.

Hiyo 540 iliniuma kwa jinsi nilivyoipata. Nilipanda basi Nyegezi hadi Dar es Salaam, nikaingia chumba cha mtihani na usingizi machoni. Moduli ya kwanza ya Kiingereza, yaani nusu ya kwanza ya maswali yake, nikaikimbiza. Ya pili ikaja nyepesi, nikashangilia moyoni kabisa! Kumbe SAT ya kompyuta inakupima kwenye moduli ya kwanza. Ukiivuruga unapewa ya pili iliyo rahisi, na hapo hata upatie maswali yote, alama za juu huzifikii.

Mwishowe nikaacha kuuliza watu, nikasoma kurasa za udahili za chuo kimoja baada ya kingine, nikiandika kwenye daftari. Wastani sikuukuta popote. Chuo cha MIT wanachukua alama ya juu ya kila sehemu hata kama tarehe ni tofauti. Hiyo ndiyo inayoitwa supaskoo. Ila SAT na ACT, ule mtihani mwingine wa kuombea vyuo, hawazichanganyi. Vyuo vingine huangalia siku moja tu, ile uliyofanya vizuri zaidi. Chuo cha Georgetown wanataka uwapelekee matokeo yote, huna cha kuficha.

Basi nikafanya hivi, na najivunia: Hesabu sikuzigusa tena. Miezi mitatu Kiingereza tu, kila asubuhi kabla ya kumsaidia mama kuanika dagaa, na moduli ya kwanza nikajifunza kuifanya taratibu. Mama akatoa nauli tena, na ada iliyozidi dola 100, hela ya dagaa wa msimu mzima.

Nikapata Kiingereza 640. Hesabu zilishuka hadi 660 na mwalimu akasema, "Umeona?" Niliona, ndiyo: 690 na 640 ni 1330.

Kuna mahali nusura nikosee. Huwezi kutuma Hesabu za tarehe hii na Kiingereza cha ile. Unatuma matokeo ya siku zote mbili yakiwa kamili, chuo chenyewe ndicho kinachochambua. Ningeificha ile 1230 kwa aibu, ile 690 ingezama nayo.

Nimepata chuo, na msaada wa ada. Wiki iliyopita binti wa jirani alikuja analia, kaambiwa habari ileile ya kugawanya. Nikamfungulia daftari langu, tukaanza na vyuo vyake vitatu.