Theluji ya Kwanza Baada ya Miaka Saba

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Januari 2025 nilichelewa kulala. Nililiacha bomba la jikoni likidondosha maji tone baada ya tone, nikafungua milango ya kabati la chini ya sinki ili joto la nyumba liyafikie mabomba yapitayo ukutani, kisha nikatoka kuligeuza gari litazame barabarani, ingawa nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba kesho yake haliondoki pale. Hayo ndiyo maandalizi ambayo mkazi wa Atlanta, mji mkuu wa jimbo la Georgia kusini mwa Marekani, huyafanya mara chache, na pengine kwa sababu ni mara chache, huyafanya kwa makini kama mtu anayepokea mgeni asiyemzoea.

Kulipopambazuka, uwanja mzima ulikuwa mweupe. Maua niliyoyapanda mwezi Oktoba, ambayo hapa huchanua kipindi chote cha baridi bila kulalamika, yalikuwa yametokeza vichwa tu, zambarau na manjano, juu ya theluji. Mtoto wa jirani, ambaye ana umri wa miaka sita, alisimama kizingitini kwa muda mrefu kabla ya kushusha mguu mmoja, akaurudisha, akaitazama alama aliyoiacha, ndipo akashuka. Kwa kuwa hakuna mtu katika mtaa wetu mwenye kigari cha kutelezea, baba yake aliung'oa mfuniko wa sanduku kubwa la plastiki la kuwekea nguo, akamkalisha juu yake, akamsukuma kwenye mteremko wa mbele ya nyumba. Hadi saa nne asubuhi mtaa mzima ulikuwa umepekua mastoo kutafuta mifuniko.

Mtoto huyo hakuwa na sababu ya kuijua theluji. Kipimo cha uwanja wa ndege kilionyesha siku hiyo inchi mbili na ushei, yaani kiasi cha sentimita tano, na mara ya mwisho kwa kipimo hicho kupita inchi moja ilikuwa mwezi Januari 2018, kabla hajazaliwa. Vitabu vya hali ya hewa husema kwamba Atlanta hupata kwa wastani sentimita tano hivi za theluji kwa mwaka, na msomaji asiyeujua mji huu angedhani kwamba kila mwaka huleta fungu lake. Sivyo. Miaka mingi huleta punje zinazoyeyuka kabla hazijatua, halafu mwaka mmoja hulipa deni la yote iliyotangulia kwa asubuhi moja.

Uadimu huo una sababu yake, nayo ni suala la kukutana. Ili theluji ianguke hapa, hewa baridi kutoka Kanada na unyevu kutoka Ghuba ya Meksiko sharti vifike kwa wakati mmoja, na kwa kawaida vinapishana: unyevu ukija, huja na joto lake na kutuletea mvua ya kawaida, baridi ikija, hulifukuza wingu lote na kutuachia anga la buluu lisilo na kitu. Kuna njia nyingine, iletayo barafu badala ya theluji, ambayo kwa maoni yangu ni mbaya zaidi. Hewa baridi na nzito huteremka kutoka kaskazini mashariki ikiegemea ubavu wa milima ya Appalachian, na kwa kuwa haiwezi kuupanda mlima, hujipenyeza chini ya hewa ya joto mithili ya kabari ya kupasulia kuni. Mvua inayotoka juu ikiwa maji huipita tabaka hiyo nyembamba na kuganda papo hapo inapogusa tawi, waya au lami. Mji huu una miti mingi mno, na misonobari yake haikuumbwa kubeba mzigo wa barafu. Usiku wa mvua ya namna hiyo mtu hulala akisikia matawi yakivunjika moja baada ya jingine, na umeme hukatika kabla ya alfajiri.

Wageni kutoka majimbo ya kaskazini hutucheka, hasa wanapoona rafu za mikate na maziwa zimebaki tupu kwa sababu ya utabiri wa sentimita mbili. Mimi pia nilicheka katika miaka yangu ya kwanza. Niliacha kucheka tarehe 28 Januari 2014.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Theluji ilianza kuanguka karibu na saa sita mchana, na ndani ya muda mfupi shule, ofisi za serikali na kampuni ziliwaruhusu watu warudi nyumbani, karibu zote kwa pamoja. Niliondoka kazini Midtown, mtaa wa katikati ya Atlanta, saa saba kasoro robo, nikiwa na kilomita 30 tu mbele yangu hadi Marietta, mji ulio kaskazini magharibi. Saa moja ya usiku nilikuwa bado katika barabara kuu ya I-75, nikiitazama taa nyekundu ileile ya nyuma ya lori lilelile. Theluji yenyewe haikuzidi sentimita saba, lakini matairi ya maelfu ya magari yalikuwa yameikandamiza, joto lake likaiyeyusha juujuu, baridi ikaigandisha tena, na barabara ikawa kioo. Malori ya kumwaga chumvi yalikuwapo, ila yalikwama katika foleni ileile iliyosababishwa na kukosekana kwa chumvi. Saa tano za usiku niliusukuma mlango, nikaliacha gari kando na kutembea pamoja na watu nisiowafahamu hadi kwenye duka moja lililokuwa limeacha milango wazi, ambako tulilala sakafuni kati ya rafu za rangi na misumari. Mama mmoja aliyekuwa karibu nami alishinda akizungumza kwa simu na mwanawe, aliyelala shuleni pamoja na walimu wake. Maelfu ya watoto walilala hivyo usiku huo, na wengine walikesha ndani ya mabasi. Katika I-285, barabara inayouzunguka mji, mtoto alizaliwa ndani ya gari lililokwama.

Gavana aliomba radhi, mji ukachekwa nchi nzima, na wazee wakatukumbusha kwamba mambo yaleyale yalitokea mwezi Januari 1982: theluji ya mchana, ofisi kufungwa kwa pamoja, magari kutelekezwa barabarani. Miaka 32 ni muda wa kutosha kwa somo kusahaulika. Wiki mbili baadaye, barafu nyingi zaidi ilipokuja mwezi Februari, kila mtu alibaki nyumbani, na barabara zikawa tupu.

Ninavyoona, upole wa majira yetu ya baridi ndio unaoifanya theluji iwe hatari. Kule ambako nyuzijoto hukaa chini ya sifuri kwa majuma, theluji hubaki kavu, nayo humshika mtu mguu. Hapa kipimo hucheza kandokando ya sifuri: mchana huyeyuka, usiku huganda, na kila mteremko wa mji huu wa vilima hugeuka utelezi usioonekana. Baridi kali nayo, inapokuja, mara nyingi huja bila hata punje. Siku mbili kabla ya Krismasi ya 2022 kipimo kilishuka hadi kiasi cha nyuzi 13 chini ya sifuri, anga likiwa safi kabisa, na mabomba yalipasuka katika nyumba zilizojengwa kwa kufikiria joto la Julai. Langu lilikuwa mojawapo, na ndiyo asili ya desturi ya kuacha maji yakidondoka.

Wakulima wa mipichi walio kusini ya hapa wana hofu tofauti. Mpichi huhitaji mamia ya saa za baridi ili uchanue vizuri, na kipupwe kikiwa chepesi mno, kama ilivyokuwa kabla ya masika ya 2017, maua hupotea njia. Baridi ya mwezi Machi ikiyakuta tayari yamefunguka, huyamaliza. Mwaka huo Georgia ilipoteza sehemu kubwa ya mavuno yake ya pichi.

Theluji yetu ya 2025 iligeuka mvua ya barafu alasiri, ikafanya uji wa kijivu, na baada ya siku chache nilikuwa nikitembea nje kwa shati. Tarehe 21 Januari ikaanguka tena, nyembamba, mara hii bila mtu kuingoja miaka saba. Niliuona mfuniko wa plastiki umekwisha kuandaliwa mlangoni kwa jirani. Mtoto alitoka baada ya kumaliza chai yake.