Tundu Lisilo Dogo Wala Kubwa

Wanaoanza kazi ya kupima bidhaa za watoto huogopa vitundu vidogo, nami nilikuwa hivyo. Lakini tundu lisilopitisha ncha ya kidole halimnasi mtu, na kubwa humwachia mtoto achomoe kidole alivyokiingiza. Linalotisha ni la kati, ambalo kidole hupita kwa kusukumwa kidogo, na kifundo kikishavuka hakirudi.

ISO 8124-1, kiwango cha kimataifa cha usalama wa vichezeo, kinalishughulikia jambo hili kwa vijiti viwili. Katika kichezeo cha mtoto wa chini ya miezi 60, tundu la duara kwenye kitu kigumu chenye unene usiofika milimita 1.58 likipokea kijiti chenye kipenyo cha milimita 6 hadi kina cha milimita 10, sharti lipokee na cha milimita 12. Duara hukibana kidole pande zote: damu inayorudi huzuiwa, kidole huvimba, na kila mtoto anapovuta, ngozi hujikunja na kukaza zaidi, huku ukingo mwembamba ukimkata.

Kwenye bawaba kijiti chembamba ni cha milimita 5, na hapo ndipo wapimaji hupitiwa. Niliwahi kupima sanduku la vichezeo lenye mfuniko. Mfuniko ukiwa wazi kabisa, vijiti vyote viwili vilipita kwenye mwanya wa bawaba. Ukiwa umefungwa, hata chembamba hakikupita. Nilikaribia kuandika kwamba limefaulu (ilikuwa saa ya kuondoka, nakiri), kisha nikaushusha polepole, na katikati ya safari chembamba kikaingia, kinene kikakwama. Niliweka penseli pale na kuufunga mfuniko kwa uzito wake wenyewe: ikavunjika vipande viwili.

Si jambo la nadharia. Mwaka 2009 vigari vya watoto vya Maclaren vipatavyo milioni 1 vilitangazwa kurekebishwa nchini Marekani baada ya taarifa 12 za watoto kukatwa ncha za vidole na bawaba za kukunjia. Suluhisho lilikuwa vifuniko vya bawaba hizo.

Mbunifu wa sanduku alipendekeza tubandike onyo. Nilimjibu kwamba atakayeingiza kidole hapo bado hajui kusoma, nikamrudishia sanduku pamoja na vipande vya penseli.