Nitilie masomo humu

Jana mwanangu, kishikwambi cha shule mapajani, aliniuliza: "Mama, wakati wa korona mlisomesha vipi na shule zimefungwa?" Nikamjibu tulisomesha kwa simu. Yeye akaridhika. Mimi sikuridhika.

Machi 2020 tulifunga madarasa huku Ganze, kaunti ya Kilifi, Kenya, tukaambiwa masomo yaendelee mtandaoni. Nikafungua kikundi cha WhatsApp cha Kidato cha Nne. Walioingia hawakufika robo ya darasa, na baadhi ya namba zilikuwa za wajomba walio Mombasa, mbali na mtoto mwenyewe. Vipindi vya KICD, taasisi ya mitaala, vilikuwako kwenye redio ya taifa, KBC, ila redio huiulizi swali, na jiometri ya kusikia bila kuona mchoro ni taabu tupu.

Adhuhuri moja mama wa mwanafunzi wangu akaja kwangu kwa miguu. Akafungua pindo la leso, akatoa kabambe, kile kisimu cha vitufe cha kupiga na kupokea tu. Kifuniko cha nyuma hakuna, betri imeshikwa kwa mpira wa kufungia noti, namba tano imefutika kwa kubonyezwa. Akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mwalimu, nasikia masomo yako kwa simu. Nitilie humu, mtoto asibaki nyuma."

Nikamweleza kuwa hiyo haiwezi kubeba masomo. Hakukasirika. Akauliza inayobeba ni pesa ngapi, nami nikamtajia bei ya ile ya chini kabisa. Akaanza kuhesabu magunia ya makaa kwa vidole. Akafika mahali, akaacha.

"Na bando ni humo humo?"

"Bando ni mbali, mama."

Mwaka ule kampuni ya Loon ilirusha puto za kusambaza intaneti kutoka angani upande wa Bonde la Ufa, magazeti yakasifu. Zingefika hata Ganze, zingemfaa nini mwenye kabambe?

Nikawa namwandikia binti maswali kwa mkono, yanaenda na bodaboda na majibu yanarudi hivyo hivyo, hadi Oktoba watahiniwa waliporudishwa shuleni. Machi 2021 akaketi KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, karatasi ile ile ya aliyesomeshwa kwa Zoom Nairobi.

Alama hazikumfikisha kwenye ualimu alioutaka. Labda hata madarasa yangekuwa wazi asingefika, sijui. Lakini ile miezi aliyokosa mwalimu, msahihishaji hakuwa na mahali pa kuiandika.