Maumivu ya haja kubwa baada ya mionzi

Leo nimeamua kuandika juu ya jambo ambalo sisi tuliotibiwa saratani ya shingo ya kizazi hulizungumza kwa kunong'onezana tu, nalo ni maumivu ya kwenda haja kubwa. Matibabu yangu yalikwisha salama: mionzi ya nje siku tano kwa wiki, dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, mara moja kwa wiki, kisha mionzi ya ndani. Vipimo vya ufuatiliaji havijaonyesha ugonjwa kurudi. Majirani hapa Tabata wakiniona nimenenepa kidogo na nimerudi kwenye biashara yangu ya vitenge, huniambia, "Mama, umepona, mshukuru Mungu," nami humshukuru kwa moyo wote. Hata hivyo kila asubuhi kuna wakati ninaouogopa, na ninaamini kwamba mtu anaweza kushukuru na bado akasema pale panapomuuma.

Chanzo chake kinaeleweka vizuri. Puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo mpana inayohifadhi choo kabla hakijatoka, imelala nyuma kabisa ya shingo ya kizazi na uke, kwa hiyo mionzi inayolenga saratani huipata nayo, hata mafundi wakipanga vipimo vyao kwa uangalifu mkubwa. Ukuta wa puru huvimba na kuwa mwororo, na ndiyo maana wengi wetu tuliharisha na kuumwa tukiwa bado katikati ya matibabu. Hali hiyo kwa kawaida hutulia wiki chache baada ya mionzi kwisha. Lakini kwa baadhi yetu madhara huja au hurudi miezi kadhaa baadaye, pengine hata miaka, kwa sababu mishipa midogo ya damu ya puru huziba taratibu, ukuta wake hukakamaa, na mishipa mipya inayoota hapo huwa dhaifu na huvuja damu kirahisi.

Nilichojifunza, na ambacho natamani kila mwenzangu akijue mapema, ni kwamba maumivu haya si ya namna moja na hayatibiwi kwa namna moja. Kuna lile la kubanwa na haja ghafla, ukaenda chooni mbio, ukakaa muda mrefu, kikatoka kiasi kidogo au ute mtupu, na bado ukahisi kuna choo kimebaki. Hilo ni la puru iliyovimba, na kusukuma kwa nguvu hakulisaidii, kwani mara nyingi humo ndani hakuna kitu. Na kuna lile la mpasuko, ambalo hukata kama wembe wakati choo kinapopita, kisha huacha moto unaowaka kwa muda mrefu baada ya kutoka chooni. Mpasuko huletwa zaidi na choo kigumu, na choo kigumu kwetu huletwa mara nyingi na dawa zenyewe: ondansetroni ya kuzuia kutapika, na zile za kutuliza maumivu, yaani tramadoli na mofini ya maji. Ukishaumia hivyo, mwili huogopa, unajizuia kwenda, choo kinazidi kukauka, na siku ya kwenda kinachana pale pale palipoanza kufunga. Msuli wa njia ya haja nao hujikaza kwa maumivu, na msuli uliokazwa haupati damu ya kutosha ya kuponya kidonda.

Mtu aliyenisaidia kutenganisha mambo haya ni sista mmoja wa kliniki, mama mtu mzima ambaye hakuona haya kuuliza. Alivuta kiti karibu na kunisemesha kwa sauti ya chini: "Mama, inauma kabla ya kwenda, wakati wa kwenda au baada ya kumaliza? Damu ni nyekundu mbichi au nyeusi? Iko juu ya choo au imechanganyika nacho?" Kwa majibu ya maswali hayo daktari alijua aanzie wapi, akanichunguza, akakuta mpasuko juu ya madhara ya mionzi. Niliandikiwa dawa ya kulainisha choo ya kunywa kila siku, pamoja na mafuta ya kupaka yanayolegeza msuli, ambayo huumiza kichwa siku za mwanzo. Tangu hapo huwashauri wenzangu waandike majibu ya maswali hayo kwenye karatasi kabla ya siku ya kliniki, maana tukiwa mbele ya daktari kijana wa kiume wengi wetu huishia kusema tumbo linasumbua kidogo.

Nyumbani nguzo yangu ni beseni. Nachemsha maji, nayachanganya na ya bomba mpaka kiwiko kikiingia kisishtuke, kisha nakalia maji hayo ya vuguvugu kama dakika kumi na tano baada ya kila haja. Sitii chumvi, sabuni wala dettol, kwani ngozi iliyopitiwa na mionzi haivumilii ukali. Unaanza kuhisi msuli ukiachia wenyewe, kwanza kidogo, halafu wote, na ule moto unapungua mpaka unaweza kusimama na kuendelea na kazi. Najikausha kwa kugusisha taulo laini bila kusugua, kisha napaka mafuta mepesi ya mgando. Utaratibu wetu wa kuchamba kwa maji ni rehema katika hali hii, maana karatasi kavu hukwangua. Kwenye choo cha kukaa naweka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu ya nyonga, kwa kuwa mkao huo hunyoosha njia ya choo; natoa pumzi polepole na sikazi tumbo.

Chakula kilinichanganya kwa muda, kwa sababu ushauri wa siku za kuharisha ni kinyume cha ushauri wa siku za choo kigumu. Siku za kuharisha naacha dona, maharage, pilipili na maziwa, nakula wali laini na ndizi mbivu. Siku za kawaida napendelea papai, bamia na mlenda, ambavyo hulainisha choo bila kukwaruza, na maji nanywa tangu alfajiri. Wapo wanaojinyima kula na kunywa ili wasiende haja, hasa wanaposafiri kwa basi la mwendokasi kutoka mbali. Naielewa hofu yao, lakini choo cha mtu asiyekunywa maji ndicho kinachochana.

Jambo linaloniumiza roho ni hizi dawa za bawasiri zinazouzwa barabarani na kwenye simu. Mwanamke aliyepata mionzi akiona damu anaambiwa ni bawasiri, ananunua chupa, na miezi inapita. Damu baada ya mionzi lazima ichunguzwe, na anayechunguza lazima ajue kwamba ulipata mionzi, kwani kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima kwenye ukuta wa mbele wa puru iliyoungua kunaweza kuacha kidonda kisichopona au tundu linalopitisha choo ukeni. Wagonjwa wa Ocean Road, hospitali ya saratani ya hapa Dar es Salaam, hutoka mikoa yote, na wengi hurudi kwao baada ya matibabu. Kwa hiyo dada yangu wa Kigoma au Mtwara, omba muhtasari wa matibabu yako na utembee nao kila unapokwenda hospitali. Damu ikiwa nyingi, ukihisi kizunguzungu, ukipata homa, au upepo na choo vikitokea ukeni, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kwa wale ambao damu haikomi, tiba zipo: dawa ya maji iitwayo sukralfeti inayoingizwa kwa njia ya haja, au kuchoma mishipa inayovuja kwa gesi ya agoni kupitia endoskopi, yaani mrija wenye kamera unaopitishwa njia hiyo hiyo. Mimi mpasuko umefunga, lakini ute na kule kubanwa ghafla bado vipo, na kliniki ijayo nitauliza kama sukralfeti inanifaa. Swali lenyewe limeshaandikwa kwenye karatasi yangu, pamoja na majibu ya yale maswali ya sista.