Kiswahili jukwaani si pambo

Wenzangu mnaofanya sanaa ughaibuni, na ninyi mnaojiandaa kuja, naomba niseme jambo lililonikaa moyoni kuhusu michezo ya kuigiza ya lugha mbili.

Mimi ni mwigizaji, naishi London. Siku hizi waongozaji wengi wanatutafuta sisi waigizaji wa Kiswahili, na nashukuru. Tatizo ni kwamba wanatutafuta kwa kuchelewa. Tunaitwa mchezo ukiwa umeshaandikwa, nafasi zimeshagawanywa, muziki umeshapangwa. Tunaombwa wimbo mmoja wa Kiswahili, sala moja, na kilio cha mama msibani. Kiswahili kinakaa pale kama maua mezani: ukiyaondoa, watu wanaendelea kula. Mchezo wa lugha mbili wa kweli utaujua kwa jambo moja tu. Ondoa mojawapo ya lugha hizo, kisa kinavunjika.

Na inawezekana, imeshafanyika hapa hapa. Mwaka 2012 ukumbi wa Globe ulialika tamthilia 37 za Shakespeare katika lugha 37. Kundi kutoka Kenya lilicheza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili. Sudan Kusini, nchi ambayo ilikuwa haijatimiza hata mwaka, ilileta Cymbeline kwa Kiarabu cha Juba. Kundi la viziwi la Deafinitely Theatre likacheza Love's Labour's Lost kwa Lugha ya Alama ya Uingereza. Skrini hazikutafsiri kila sentensi. Zilionyesha muhtasari mfupi wa kila onyesho kwa Kiingereza, basi. Asiyejua lugha alibaki na mwili wa mwigizaji, sauti yake, na namna anavyomsogelea mwenzake. Naupenda sana uamuzi ule, kwa sababu uliwaamini watazamaji. Tena uliwapa wenye lugha zile kitu ambacho sisi wahamiaji hukipata kwa nadra katika ukumbi mkubwa wa nchi ya watu: kuwa wa kwanza kuelewa.

Sizipingi skrini. Maandishi ya juu ya jukwaa yalianza kwenye opera mjini Toronto mwaka 1983, na yamewafungulia wengi milango. Ila mtu husoma haraka kuliko mwigizaji anavyosema. Utani ukitokea wote kwenye skrini kwa mkupuo, nusu ya ukumbi inacheka kabla hujafumbua mdomo, na wale wanaosubiri kusikia wanakukosa katikati ya vicheko. Dawa yake inajulikana: sentensi inakatwa, kipande cha mwisho kinashikiliwa mpaka mwigizaji akifikie. Anayebonyeza kitufe cha maandishi anacheza pamoja nasi, maana hakuna usiku unaofanana na mwingine. Basi awepo mazoezini tangu mwanzo. Mtafsiri naye vivyo hivyo, na alipwe kwa siku zote hizo, si kwa kurasa peke yake.

Waliotangulia kuyajua haya ni wasanii viziwi na wenye ulemavu. Graeae, kundi lililoanzishwa Uingereza mwaka 1980, limejenga utaratibu ambao lugha ya alama, maandishi na maelezo ya sauti kwa wasioona huingizwa ndani ya mchezo tangu unapoanza kutungwa. Jenny Sealey, ambaye ni kiziwi, alishika uongozi wake wa kisanaa mwaka 1997, na pamoja na Bradley Hemmings ndio walioongoza sherehe ya ufunguzi wa Paralimpiki ya London mwaka 2012. Fikiria mkalimani aliyesimamishwa kwenye kona ya jukwaa. Mtazamaji kiziwi inambidi achague: amwangalie mkalimani, au amwangalie mhusika anayekata roho pale katikati? Mkalimani akiwa ndani ya kisa, akisogea pamoja na wahusika, macho hayalazimiki kugawanyika.

Kufanya kazi na waigizaji viziwi kumebadilisha mazoezi yangu yote. Ishara ya kuingia haiwezi kuwa sauti peke yake. Inakuwa mguso, taa, au pumzi inayoonekana. Huzimi taa zote katikati ya mazungumzo, kwa sababu gizani alama hazionekani. Humpi mtu mzigo wa mikono miwili halafu ukamtaka aseme. Wakalimani hufanya kazi wawili wawili na kupokezana, maana akili huchoka upesi, kwa hiyo mapumziko yanapangwa na yanaheshimiwa. Muda unaongezeka, na bajeti lazima ilijue hilo mapema.

Mbinu ninayoipenda kuliko zote ni kujibu badala ya kutafsiri. Nauliza kwa Kiswahili, mwenzangu anajibu kwa Kiingereza au kwa alama, na jibu lake linamfunulia mtazamaji nilichouliza. Kila mstari ukirudiwa mara mbili, mchezo unachosha hata kabla ya mapumziko. Ukiandikwa kwa kujibizana, kila lugha inabeba sehemu yake ya habari, na anayezijua zote mbili anapata utamu wa ziada. Lakini huwezi kuandika hivyo peke yako chumbani. Inahitaji wenye lugha wote wakae pamoja, wabishane, wajaribu, wafute.

Hapo ndipo sisi wa Afrika Mashariki tuna deni letu. Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaja lugha ya alama. Ya Kenya ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Uingereza ilipitisha sheria ya kuitambua ya kwake mwaka 2022. Hata hivyo, katika maonyesho yetu ya jumuiya huku, viziwi wetu hatuwaoni. Kumleta mkalimani wa hapa hakutoshi, kwa kuwa lugha ya alama ya Kenya ni nyingine kabisa: hata herufi za vidole, Kenya huundwa kwa mkono mmoja, hapa kwa miwili. Tunataka kutengeneza mchezo wa Kiswahili, Kiingereza na alama za nyumbani. Kama unamfahamu msanii kiziwi wa Afrika Mashariki anayeishi Uingereza, mwambie tunamtafuta, na tunamtaka aje sasa, wakati hatujaandika hata ukurasa wa kwanza.